Kisanduku Kwenye Reli Iliyokufa

Kitendawili kilikuwa kimeandikwa kwa mkono kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwenyeji wangu alinisukumia pale mezani, katikati ya sahani ya vitumbua na chupa ya chai, kama mhudumu anayeleta bili.

"Soma, mdogo wangu," akasema. "Ukikitegua, kesho tunakwenda. Ukishindwa, kesho unanisaidia kufua mapazia."

Kwa Kiswahili kilikuwa kinasema hivi: Anzia pale walipolala ndugu kumi na wawili wakisubiri daraja, na daraja lenyewe limeshavuka bahari likaenda kuishi jangwani. Wape mgongo. Fuata njia ambayo treni haiji tena, mpaka mlingoti ujifiche nyuma ya kilima. Hapo ndipo utoe dira.

Nilikuwa Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwa mafunzo ya miezi mitatu ya waandishi wa habari. Mwenyeji wangu ni nesi, mzaliwa wa Lindi, ana miaka mingi kule. Siku zake za mapumziko wenzake wanakwenda madukani, yeye anapanda Dartmoor kutafuta visanduku. Mwanzoni nilidhani ananitania. Mtu mzima, tena mama wa watoto wawili, anatembea saa nne kwenye baridi kutafuta kopo la plastiki chini ya jiwe? Ndani ya kopo hamna hela. Hamna hata biskuti. Mna muhuri mdogo wa mpira, daftari na kalamu. Ukilipata, unagonga muhuri wa kopo kwenye daftari lako, unagonga muhuri wako kwenye daftari la kopo, unafunga, unarudisha ulipotoa, unakwenda zako.

"Basi?" nikauliza.

"Basi."

Makala hii inahusu hilo "basi". Maana nyuma yake, msomaji wangu, kuna historia ndefu kuliko nilivyotarajia, na mwisho wake ulinirudisha mpaka Nachingwea, mahali ambapo kwa miaka mingi niliamini kwamba babu yangu alikuwa muongo.

Tuanzie na chupa.

Mwaka 1854 mtu mmoja aliyeitwa James Perrott, mkazi wa mji mdogo wa Chagford, alikuwa anafanya kazi ya kuongoza wageni kwenye nyika za Dartmoor. Nyika hizo ziko juu, zina upepo, ukungu na matope meusi yanayoweza kummeza farasi mpaka tumboni. Katikati ya sehemu ya kaskazini kuna mahali panaitwa Cranmere Pool. Jina linasema ni dimbwi lakini maji yenyewe ni ya kubahatisha, na ukifika utaona shimo la udongo mweusi tu. Sifa yake ni moja: kufika ni shida. Perrott akaweka pale chupa ili kila aliyefika aache kadi yake yenye jina, kuwathibitishia watakaokuja nyuma kwamba naye alifika.

Mwaka 1888 likawekwa sanduku la bati, na hapo ndipo likazaliwa jambo ambalo mtu aliyekulia kwetu analielewa bila kufafanuliwa. Aliyefika alikuwa anaacha postikadi yenye anwani na stempu, pengine ya kwake mwenyewe, pengine ya rafiki. Haiendi popote mpaka atokee mgeni mwingine. Huyo anaichukua, anashuka nayo, anaitia posta ya kijijini kwake. Hakuna anayemjua mwenzake. Barua inakwenda kwa imani.

Niliposimuliwa hayo nilicheka. Si ndiyo "kwa mkono wa" yetu? Nani hakumbuki bahasha zilizoandikwa pembeni jina la mbebaji, zikapewa konda wa basi, au mwalimu anayehamishwa, au shangazi anayekwenda mjini kutibiwa? Kule kwetu tulifanya hivyo kwa sababu posta ilikuwa mbali. Waingereza wa karne ya 19 walikuwa na posta ya uhakika, wakaamua kupanda mlimani kuitafuta shida kwa makusudi. Kila watu na starehe zao.

Mwaka 1905 pale Cranmere kikaongezwa kitabu cha wageni, na baadaye ikaja mihuri. Mwaka 1937 likajengwa sanduku la mawe ili lisipeperushwe na dhoruba. Mwaka uliofuata kikawekwa kisanduku kingine upande wa kusini, mahali panaitwa Ducks' Pool, kumkumbuka William Crossing, mwandishi aliyetumia maisha yake kuitembea na kuiandika Dartmoor, na ambaye kitabu chake cha mwongozo cha mwaka 1909 bado kinasomwa. Kwa miongo mingi visanduku vilikuwa vya kuhesabika kwa vidole. Miaka ya 1970 mambo yakalipuka. Familia zikaanza kuficha vya kwao, vikafika mamia, halafu maelfu. Ikaanzishwa klabu ambayo sharti la kuingia ni kupata visanduku 100. Mamlaka ya hifadhi ya taifa ikaingiwa na wasiwasi, zikawekwa kanuni: usifiche kwenye makaburi ya kale, usivunje ukuta wa mtu, usitumie saruji, usihamishe mawe ya kihistoria.

Aprili 1998 gazeti la Smithsonian la Marekani lilichapisha makala kuhusu watu hawa wa Dartmoor, na mchezo ukavuka Atlantiki. Wamarekani walikuwa na mahali pazuri pa kuuchezea: maelfu ya kilomita za reli zilizokufa na kugeuzwa njia za watembea kwa miguu na baiskeli. Ukitaka kuficha kitu na kumwelekeza mgeni asipotee, reli ya zamani ni rafiki. Haipandi ghafla, haishuki ghafla, haina kona za ajabu, na imejaa alama: nguzo ya maili, daraja, msingi wa stesheni. Miaka miwili baadaye, Mei 2000, Marekani ilipoondoa kizuizi kilichokuwa kinapunguza usahihi wa GPS kwa raia, ukazaliwa mchezo mwingine wa kutafuta makopo kwa kutumia setilaiti. Huo ndio unaojulikana zaidi leo duniani. Lakini mwenyeji wangu hautaki hata kuusikia. "Simu inakwambia geuka kulia," anasema. "Kitendawili kinakuuliza wewe una akili gani."

Haya, turudi kwenye kitendawili.

Sisi tuliolelewa na "kitendawili, tega" tuna faida hapa. Na sisi tuliosoma Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla tuna faida mara mbili. Kitabu kile kilichotoka mwaka 1960 ndicho kilichotupa Bwana Msa na kiko chake, na kila anayemsoma anaona mara moja kwamba ni ndugu wa mbali wa Sherlock Holmes. Sasa sikiliza sadfa hii. Mwaka 1901 Arthur Conan Doyle alikuja Dartmoor, akalala hotelini katika mji wa Princetown, akazunguka kwenye nyika hizi akitafuta mandhari ya hadithi yake ya mbwa wa kutisha wa Baskerville. Hoteli ile baadaye ilikuja kugeuzwa kituo cha kupokelea wageni wa hifadhi. Kwa hiyo nilikuwa natafuta kisanduku mlangoni kwa babu yake Bwana Msa. Nisingekubali kufua mapazia.

Nilikitegua saa tano usiku. Daraja lililovuka bahari likaishi jangwani ni London Bridge. Lilifunguliwa mwaka 1831, likauzwa mwaka 1968 kwa tajiri wa Marekani, mawe yake yakapewa namba moja moja, yakasafirishwa, yakajengwa upya Lake Havasu City, kwenye jangwa la Arizona. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa karne ya 20, daraja hilo lilipanuliwa, na mawe ya kubebea njia za pembeni yalichongwa kwenye machimbo ya graniti ya Swelltor, Dartmoor. Mawe kumi na mawili hayakuondoka. Yamelala mpaka leo kando ya reli, yamechongwa tayari, yakisubiri behewa.

Nikamgongea mlango. "Dada, nimekitegua."

"Najua," akajibu kutoka ndani. "Mapazia nimeshafua mwenyewe. Lala."

Asubuhi tukapanda basi mpaka Princetown, mji wa kijivu ulio zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa kwanza kuota kuhusu mji huu alikuwa Thomas Tyrwhitt, rafiki na mtumishi wa Mwana Mfalme wa Wales, yule aliyekuja kuwa George IV. Tyrwhitt aliamini kwamba nyika hii mbovu inaweza kugeuzwa mashamba. Akajenga nyumba, akavuta watu, akashawishi serikali ijenge gereza la mateka wa vita. Gereza lilijengwa kuanzia mwaka 1806, likapokea Wafaransa mwaka 1809, na baadaye Wamarekani wa vita vya mwaka 1812. Kati ya Wamarekani hao walikuwemo mabaharia Weusi wapatao 1,000, waliotengwa kwenye jengo lao, namba nne. Humo ndani, wafungwa hawa Weusi waliunda kundi la maigizo wakawa wanacheza Shakespeare, na wafungwa Weupe walilipa kiingilio kwenda kuwatazama. Nilisimama nje ya ukuta ule nikajiuliza kwa nini hakuna aliyewahi kunisimulia hilo darasani.

Vita vikaisha. Kufikia mwaka 1816 gereza lilikuwa tupu, na mji uliokuwa unalishwa na gereza ukaanza kufa. Tyrwhitt hakukata tamaa, akaja na ndoto ya pili: reli. Mabehewa yatapandisha chokaa, makaa na mbolea ili nyika ilimwe, yatashusha graniti na mazao. Sheria ilipitishwa mwaka 1819, na mwaka 1823 reli ya Plymouth na Dartmoor ikafunguliwa, ikivutwa na farasi. Mashamba hayakutokea. Udongo ulikuwa mchachu, mvua nyingi, baridi kali. Kilichoshuka na reli kilikuwa graniti tu. Mwaka 1883 sehemu ya njia ile ikajengwa upya kwa treni za mvuke kutoka upande wa Yelverton, ikafanya kazi mpaka Machi 1956. Ilikuwa haina abiria wa kutosha. Reli ikang'olewa, stesheni zikabomolewa.

Nilikuwa sijafika kwenye aya hii ya historia, nikiisoma kwenye bango pale Princetown, kabla sijahisi kitu kinanichoma. Mtu mkubwa mwenye ndoto ya kilimo kwenye ardhi asiyoijua. Reli inajengwa kwa ajili ya mazao. Mazao hayaji. Reli inang'olewa.

"Dada," nikamwambia, "hii hadithi naijua."

"Tembea," akasema. "Utanisimulia njiani. Na hizo raba zako za mjini utazijutia."

Njia yenyewe ni tuta la changarawe, pana kiasi cha behewa moja, linalozunguka kilima bila haraka. Kushoto na kulia kuna kondoo, farasi wadogo wa porini na mawe. Watu walitupita na mbwa na baiskeli. Kila walipokuja, mwenyeji wangu alinong'ona, "Ukikuta watu karibu na kisanduku, jifanye unafunga kamba za viatu." Kwenye nyasi aliniwekea kidole juu ya mawe ya mraba yenye matundu mawili mawili. Ndiyo mataruma ya reli ya farasi ya mwaka 1823. Hayakuwa ya mbao, yalikuwa ya graniti, na matundu ni ya misumari iliyoshika chuma. Karne mbili, na bado ukitia kidole unasikia ukingo wa tundu.

Neno hilo, taruma, mimi nililisikia kwa babu kabla sijalisoma popote.

Babu mzaa mama alikuwa mtu wa Nachingwea. Nikiwa mdogo, miaka ya 1990, kila tulipopita mahali fulani barabarani alikuwa anasimama, anaelekeza fimbo kwenye mikorosho, anasema: "Hapa treni ilikuwa inapumua. Mimi nilikuwa natandika mataruma hapa." Sisi wajukuu tulikuwa tunatazamana. Treni? Nachingwea? Treni tulijua ziko Dar es Salaam, Dodoma, Kigoma. Kwetu hata basi lilikuwa linafika likitaka. Hapakuwa na chuma, hapakuwa na stesheni, hapakuwa na chochote. Nilipofika darasa la sita nikamwambia mbele ya watu, "Babu, acha kutudanganya." Hakunijibu. Na baada ya siku ile hakuitaja tena treni mbele yangu. Alifariki nikiwa kidato cha tatu.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu nilipofungua, kwa kazi nyingine kabisa, ramani ya Tanganyika ya miaka ya 1950. Mstari mweusi wenye vijistari vya kukatiza ulikuwa unatoka Mtwara, unaingia ndani, unafika Nachingwea, na tawi lake linakwenda Masasi. Nikaitazama mpaka maktaba ikafungwa.

Mradi wa karanga sote tumeusoma, lakini tumeusoma kama mzaha wa Kongwa. Baada ya Vita vya Pili Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 likaja wazo la kulima karanga kwa mashine Tanganyika, zaidi ya ekari milioni 3. Mwaka 1947 kazi ikaanza, kwa matrekta chakavu ya jeshi na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama sakafu, mvua ikakataa, mashine zikafa. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikakiri kwamba imeshindwa, na kiasi cha pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Kinachosahaulika ni kwamba upande wa kusini ulikuwa nao unatayarishwa kwa ajili ya karanga hizo hizo. Nachingwea ilichaguliwa kuwa kitovu. Bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, na ipo mpaka leo. Reli ikaanzia Mkwaya, karibu na Lindi, ikafika Nachingwea, kisha ikaunganishwa na Mtwara. Ilipokamilika, mzigo iliyojengewa ulikuwa haupo. Ikajikongoja kwa miaka michache na mazao ya wakulima, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, ikang'olewa.

Babu yangu alikuwa ametandika mataruma. Alikuwa anasema kweli.

Tulifika Swelltor. Ndugu kumi na wawili wako pale pale, kwenye majani kando ya tuta, wamepangana mstari, kila mmoja mzito kuliko nguvu za wanaume kumi. Waliochonga walikuwa na kazi safi. Nikapitisha kiganja kwenye jiwe moja, nikamfikiria mtu aliyeinama juu yake siku nyingi akijua linakwenda London, halafu likabaki hapa hapa. Daraja lenyewe baadaye likauzwa. Na jiwe hili ndilo ambalo halijawahi kuhama.

"Wape mgongo," mwenyeji wangu akanikumbusha.

Tukawapa mgongo, tukafuata tuta. Mlingoti ni ule mrefu wa matangazo ulio juu ya North Hessary Tor, unaonekana kila mahali. Tulikuwa tunatembea tukigeuka kuutazama kila baada ya hatua kadhaa, tukisubiri ujifiche. Na kweli ukajificha. Nikatoa dira kwa mbwembwe.

"Umejificha nyuma ya nini?" akauliza dada.

Nikatazama vizuri. Haukuwa nyuma ya kilima. Ukungu ulikuwa umeumeza. Ndani ya dakika kumi ukawa umemeza na kilima chenyewe, na kondoo, na njia tuliyotoka. Ndiyo Dartmoor hiyo aliyoifuata Conan Doyle. Kitendawili kilichoandikwa siku ya jua hakina maana tena. Mwenyeji wangu hakushtuka. Akakaa juu ya jiwe, akafungua chupa ya chai, akanimiminia. "Kanuni ya kwanza," akasema, "usitoke kwenye tuta. Reli inajua inakokwenda, hata kama wewe hujui."

Tukakaa hapo karibu saa nzima. Ndipo nikamsimulia habari za babu, mpaka lile neno nililomwambia mbele ya watu. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Bibi yangu alikuwa na shamba la mikorosho," akasema baadaye, "upande wa Mkwaya. Wote tulikuwa tunaliita Stesheni. 'Nendeni Stesheni mkaokote korosho.' Nimekulia na hilo jina, sijawahi kuuliza ni stesheni ya nini." Akanywa chai. "Mpaka leo hii. Unaona? Na mimi nesi mzima, nimesoma."

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti. Reli mbili, ndoto mbili zilizoshindwa, zote ziling'olewa ndani ya miaka kumi hivi. Hii ya Dartmoor ina bango, ina ramani, ina watu wa kuitembea Jumapili, na hata mawe yake yaliyoachwa yana kitendawili. Ile ya kwetu imebaki kwenye fimbo ya mzee mmoja na jina la shamba. Tukianza kulaumu tutasema ni umaskini, na ni kweli kwa sehemu. Kugeuza reli kuwa njia kunahitaji fedha. Hata Uingereza reli nyingi zilizofungwa ziliachwa zikaota miti, na njia ya Bristol mpaka Bath, ambayo wengi wanaihesabu kama mfano, ilitengenezwa na watu wa kujitolea kuanzia mwaka 1979. Lakini chupa ya Perrott haikugharimu kitu. Daftari ni shilingi ngapi? Aliyetukosesha historia ile siku ile barabarani hakuwa mkoloni wala serikali. Alikuwa mtoto wa darasa la sita aliyemnyamazisha shahidi.

Ukungu ukafumuka kama ulivyokuja. Mlingoti ukarudi. Tukatembea tena mpaka ulipojificha nyuma ya kilima chenyewe, safari hii kweli, nikatoa dira. Nyuzi na hatua sitakutajia. Ndiyo adabu ya mchezo, kila mtu ategue mwenyewe. Nitasema tu kwamba jiwe la kwanza nililoinamia halikuwa lenyewe, la pili halikuwa lenyewe, na la tatu mwenyeji wangu alikuwa ameshaliona tangu zamani, akawa anatazama mawingu ili nisijue.

Kopo lilikuwa la plastiki nyeusi. Muhuri wake ulikuwa treni ndogo yenye moshi. Daftari lilikuwa limelowa pembeni, limejaa mihuri ya watu: bundi, kikombe, jani, paka. Mmoja alikuwa ameandika kwamba amekuja na baba yake aliyewahi kupanda treni hii akiwa mtoto. Mimi muhuri wangu nilikuwa nimeuchonga usiku ule kwenye kifutio cha shule, kwa wembe: korosho. Nikaugonga chini ya paka. Nikaandika tarehe, halafu kwa Kiswahili: Kwa niaba ya babu, mtandika mataruma, Nachingwea. Sijui nani atakisoma. Mtoto wa Perrott, mtalii Mjerumani, mtu yeyote. Kadi inakwenda kwa imani.

Desemba niliporudi nyumbani nilimwomba mjomba anipeleke kwa wazee waliobaki. Wawili walikumbuka. Mmoja alitutoa nje, akatupeleka kwa miguu yake mwenyewe mpaka kwenye mikorosho, akaonyesha mahali ardhi inapoinuka kidogo, sawasawa, kwa mstari mrefu usio wa kawaida. Ukipita na pikipiki huwezi kuona. Ukiambiwa, huwezi tena kuacha kuona.

"Babu yako alikuwa hapa," mzee akasema. "Mbona hamkuja kuuliza siku zote?"

Nikamwambia, "Shikamoo, babu," kwa mara ya pili siku ile, maana sikuwa na jibu lingine.

Hatukuficha kopo. Pale mchwa wangekula daftari kwa wiki moja. Tulinunua daftari gumu la kurasa 200, tukaliacha kwenye duka moja karibu na hapo, pamoja na muhuri wa korosho na kidau cha wino. Mwenye duka anajua la kufanya: ukija ukauliza treni ilipita wapi, anakupa daftari kwanza, halafu anakuelekeza. Mjomba aliniambia kwa simu juzi kwamba kurasa nne zimeshajaa. Wengi ni wanafunzi. Na mzee yule amekwenda mara mbili, anaandika majina ya wenzake aliofanya nao kazi, mmoja baada ya mwingine, kadiri anavyowakumbuka.